Gigabaiti Tatu Nilizozipigania

Nilipokuwa na miaka thelathini na sita, baba wa watoto wawili na mkunjaji wa mashuka ya hospitali katika kiwanda kimoja kikubwa cha kufulia Stockholm, niligombana na rafiki yangu kwa sababu ya memori ya mashine ya gemu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nayo. Mashine yenyewe ilikuwa haijaanza kuuzwa.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilitoka Hallonbergen, nikabadili treni Fridhemsplan, nikaenda Vällingby kwa Mtanzania mmoja, dereva wa basi, aliyekuwa na sebule pana na mashine ya zamani ya gemu. Tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa Mkenya aliyepeleka vifurushi kwa gari, mtu mtaratibu, asiyepandisha sauti hata akichokozwa. Tulicheza mpira wa kwenye skrini. Wote wawili walinifunga wapendavyo, na kwa kuwa vidole vyangu havikunisaidia, nilizoea kutafuta ushindi kwa mdomo.

Kwetu Uvira, Kongo, nilikuwa mwalimu wa jiografia. Nikishika chaki, watoto hamsini walinyamaza. Stockholm, mtu pekee aliyenisikiliza mpaka mwisho wa sentensi alikuwa mwalimu wangu wa Kiswidi, na yeye alisikiliza ili apate cha kusahihisha. Kwa hiyo pale Vällingby, mbele ya watu wawili wasioweza kuondoka kwa kuwa mmoja ndiye mwenye nyumba na mwingine anasubiri zamu yake ya kucheza, nilifundisha. Nilifundisha siasa, hali ya hewa, injini za basi. Dereva wa basi alivumilia.

Mwaka ule mashine mpya zilikuwa zimetangazwa, na habari kubwa ilikuwa memori: gigabaiti nane. Jumamosi moja Mkenya akatueleza alichosoma mtandaoni, kwamba kati ya hizo nane, mfumo wenyewe wa mashine utajitengea karibu tatu, na gemu zitaachiwa zilizobaki. Alilieleza kama jambo la kawaida tu. Alisema ndivyo utakavyoweza kusimamisha mchezo, ukamjibu rafiki aliyekuandikia, ukarudi ukaukuta mpira pale pale ulipouacha.

Niliweka pedi ya kuchezea chini. Nikasema huo ni wizi. Nikatoa mfano wa nyumba ya vyumba vinane ambayo mwenye nyumba amejifungia vitatu, na wewe na wanao mnabanana katika vitano. Niliupenda sana mfano wangu.

Mkenya alifikiri kidogo, kisha akaniuliza: "Na kile chumba cha kufulia kule chini kwenu, kile mnachotumia wapangaji wa jengo zima, nacho mmeibiwa?"

Nikapandisha sauti.

Niseme ukweli ambao siku hizo nisingeusema. Sikujua gigabaiti ni nini. Sikujua kwamba memori tuliyokuwa tukiibishania ni ile ya kufanyia kazi, inayofutika ukizima mashine. Nilidhani ni kabati la kuwekea gemu, na nilichokiona mimi ni kabati langu limejazwa nguo za mtu mwingine. Kwa msingi huo niliamua kupeleka hoja yangu kwa Waswidi.

Kulikuwa na jukwaa moja mtandaoni ambapo wapenzi wa gemu walijadiliana. Nilikaa siku tatu na kamusi. Mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa anasomea uuguzi msaidizi na Kiswidi chake kilikuwa kimeniacha mbali, aliniuliza kama naye asome kabla sijatuma. Nikamwambia hili ni jambo la kiufundi. Alirudi kwenye vitabu vyake.

Kwa Kiswidi, memori ya mashine ni *minne*. Mimi nikaona kwamba gigabaiti zikiwa nyingi basi na neno liwe la wingi, nikaandika *minnen*. Sikujua kwamba Mswidi akiona *minnen* anawaza kumbukumbu za moyoni: utoto wako, harusi yako, sura ya mama yako. Juu ya hapo, sikuiona sehemu ya jukwaa inayohusu mashine, nikaiweka barua yangu katika sehemu ya mazungumzo huru. Na kwa sababu shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kujitambulisha, nilianza kwa kusema kwamba natoka Kongo, nimekaa Sweden miaka sita, na nakunja mashuka ya hospitali.

Kwa hiyo walichosoma watu wale ni hiki: mimi ni mtu wa Kongo, mfumo umechukua kumbukumbu zangu tatu, wakubwa waliamua mahali fulani bila kutuuliza, nami naomba kujua nani aliwapa haki hiyo.

Majibu yalikuja kumi na mawili. Sijawahi kupata fahari kama ile. Wengine walichoandika nilikielewa nusu nusu, ila sentensi moja niliielewa yote: "Tunakusikia." Mtu mmoja wa kaskazini aliandika kwa urefu kuhusu mama yake, nami nikadhani mama huyo naye anacheza gemu. Mwingine alinishauri nitembee msituni kila asubuhi. Nikaona ni namna yao ya kupoza hasira. Nikawashukuru wote, nikaandika kwamba tukisimama pamoja tutazirudisha zote nane. Mmoja akaniuliza, kwa upole sana, zile nyingine tano ni zipi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Vällingby na karatasi nilizochapisha maktaba. Nilimkabidhi Mkenya kama mtu anayekabidhi hukumu ya mahakama. Alikuwa ameishi Sweden muda mrefu kuliko mimi. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akaurudia wa kwanza. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi baadaye.

"Ndugu yangu," alisema, "hawa watu wanadhani umepoteza kumbukumbu za maisha yako. Wanakuonea huruma."

Aliyecheka ni mwenye nyumba, mpaka akalazimika kwenda jikoni. Mimi nikamwambia Mkenya kwamba ana wivu kwa kuwa yeye hajawahi kujibiwa na Waswidi kumi na wawili. Nikavaa koti. Njiani kwenye treni nilizisoma tena zile karatasi, na safari hii, kwa kuwa nilijua cha kutafuta, nilikiona katika kila mstari. Yule mama wa kaskazini hakuwa mcheza gemu. Alikuwa amesahau majina ya watoto wake.

Sikurudi Vällingby kwa wiki saba. Nyumbani nilisema nimechoka na mpira.

Mke wangu hakuuliza. Ila siku moja alizikuta zile karatasi mezani, na nadhani niliziacha pale makusudi, kwa kuwa mtu hubeba aibu peke yake mpaka inamshinda. Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akalaza kichwa mezani akacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Alipopata pumzi akaniuliza kama kuna majibu mengine. Nikamfungulia kompyuta. Kulikuwa na ujumbe nilioletewa peke yangu, ambao sikuwa nimeufungua kwa kuogopa huruma zaidi.

Ulitoka kwa mwanamke aliyesema kazi yake ni kuandika programu za gemu. Yeye alikuwa ameliona neno gigabaiti katikati ya masikitiko yangu, akashuku. Aliuliza, kwa adabu, kama kwa bahati nazungumzia mashine mpya.

Mke wangu aliutafsiri wote, neno kwa neno. Halafu akafunga kalamu yake.

"Papa," alisema, kama anavyoniita tangu tupate watoto, "unatafuta watu wa kukusikiliza mpaka kaskazini. Mimi ulikuwa unaniona hapa."

Hakuwa amekasirika. Angekasirika ningejua la kusema. Nilichemsha chai, nikamwekea kikombe, nikamwomba tumjibu yule mwanamke pamoja. Tulimweleza ukweli wote, pamoja na lile kabati langu.

Jibu lake lilikuwa fupi, na lilitungwa kwa mtu asiyejua kitu, jambo ambalo nilimshukuru. Alisema wanaotengeneza mashine huanza kwa kujiwekea sehemu kubwa kwa kuwa hawajui kesho mfumo utahitaji nini. Sehemu iliyobaki mikononi mwao wanaweza kuigawa baadaye. Lakini ile waliyokwisha kuwapa watengenezaji wa gemu hawawezi kuirudisha, maana gemu zilizotengenezwa kwa kuitegemea zitakwama. Tulisoma mara tatu. Mara ya pili nilielewa, na ilikuwa mara ya kwanza katika mgogoro wote huo kuelewa kitu chochote.

Kwenye jukwaa niliandika masahihisho, safari hii mke wangu akiwa ameyapitia. Watu walicheka vizuri, bila ubaya. Yule mtu wa kaskazini aliandika kwamba mama yake yuko vile vile, lakini alimsomea barua yangu ya kwanza, na mama akasema huyu bwana wamtafutie vitu vyake.

Ndipo nikarudi Vällingby. Kuanzia Hallonbergen mpaka kituo cha kushukia nilifanya mazoezi ya kuomba radhi. Nilikuwa nimepanga sentensi mbili tu: nilikosea, na wewe ulikuwa sahihi. Nilipoingia, Mkenya alinisogezea nafasi kwenye kochi kana kwamba niliondoka jana. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hotuba. Nikawaeleza kwa nini mfumo lazima ujitengee sehemu kubwa tangu mwanzo, na kwa nini kugawa ni rahisi kuliko kunyang'anya, na nikawauliza wanafikirije mambo haya bila kuona mbali. Sikumtaja yule mwanamke wa programu wala mke wangu. Niliongea kama mtu aliyeyavumbua.

Mkenya alinitazama. "Si hivi ndivyo nilivyokuwa nikisema?"

Nikamwambia yeye aligusia tu.

Hapo nikaona mtu mtaratibu anavyoharibika. Kukubaliana na mimi kulimshinda. Akaanza kusema kwamba hata hivyo tatu ni nyingi, kwamba mbili zingetosha, kwamba amelifikiria upya. Mwisho wa mchana ule alikuwa amesimama pale nilipokuwa nimesimama mimi mwanzo, akivipigania vile vyumba vitatu kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuvipigania mimi.

Mashine ilipotoka, dereva wa basi aliinunua, akatuita. Tuliiweka chini ya televisheni, tukaiwasha, na ikatuambia kwamba kabla ya yote inapakua mfumo wake mpya. Mstari mwembamba ulianza kutambaa kwenye skrini. Tulikunywa chai, tukala, tukanywa tena, na mstari haukufika nusu. Nikawaeleza kinachoendelea ndani. Mkenya akasema sivyo kabisa.

Mwenye nyumba akaondoa vikombe.