Talaka ya Emil Kotas

Kwa miaka arobaini na sita Emil Kotas alijijua kuwa ni mtu aliyeachwa. Hakulificha jambo hilo. Kwenye fomu za kodi na za hospitali, palipoulizwa habari za ndoa, alitia alama penye talaka akasonga mbele. Alikuwa na miaka sabini na minne sasa, mrefu, masikio mekundu kwa upepo wa Nebraska. Miaka mingi alikuwa mpimaji kwenye ghala la nafaka huko Montana, kisha uzee ukamrudisha kwao.

Hangeitafuta talaka hiyo lau si Lavonne Tiedt. Lavonne alikuwa mjane, jirani wa nyumba ya tatu, hodari wa karata na mwepesi wa kucheka. Emil alikwenda kumtengenezea mfereji wa paa, akarudi kuutazama kama unavuja, akarudi tena ingawa haukuvuja. Majira ya joto yalipokwisha walikubaliana kuoana. Walipokwenda kuomba leseni ya ndoa, karani aliuliza ndoa ya kwanza ya Emil ilikwisha tarehe gani.

"Sabini na tatu," alisema Emil. Akafikiri. "Au na nne."

Karani alitaka tarehe kamili. Garini Lavonne alicheka mpaka akafuta machozi. "Wanaume husahau siku ya harusi, hilo nalijua. Wewe umesahau hata siku ya kuachwa."

Emil aliandika barua kwenye ofisi ya kumbukumbu za jimbo, mjini Lincoln, akataja jina lake na la Rosalie Benesh, mkewe wa zamani. Wiki tatu baadaye likaja jibu fupi: wametafuta kuanzia mwaka wa sabini hadi themanini, na talaka yenye majina hayo haimo. Walimshauri amuulize karani wa mahakama katika kaunti ambako kesi ilifunguliwa. Lavonne aliisoma barua ile mara mbili, kisha akamtazama juu ya miwani yake. "Emil, uliachwa kweli au uliota?"

Basi akapiga simu Kaunti ya Lindgren, alikozaliwa. Aliyepokea alijitambulisha kuwa ni Marcy Dohrn, karani. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiye na haraka. Alitaka kujua ni nani kati yao aliyefungua kesi, maana katika madaftari ya zamani jina linaloandikwa kwanza ni la aliyeshtaki. Akauliza na jina la mke kabla ya kuolewa, pengine alilirudia. Mwisho akasema faili za miaka ile hazimo kwenye kompyuta, ziko chini ya jengo, na mzee akiweza kufika watatafuta pamoja.

Walikwenda Jumanne moja ya Oktoba. Lavonne aliendesha. Emil alishika chupa ya kahawa na mfuko wa kolache, yale maandazi ya Kicheki yenye jamu katikati, na kwa saa nzima hakumega hata moja. Mahindi yalikuwa yamekauka, na kombaini za kuvunia zilikuwa zikitembea mashambani ndani ya vumbi lao. Karibu na mji walipita jengo refu la mbao ambalo sasa lilikuwa stoo ya matairi. Emil alimwomba Lavonne apunguze mwendo.

Hapo ndipo watu walipocheza polka kila Jumamosi. Mjomba wake alipiga kodiani, na wazee walikaa ukutani wakihesabu nani amecheza na nani. Rosalie Benesh alikuja na viatu vyeupe, akavivua baada ya wimbo wa kwanza, akacheza na soksi tupu hadi mwisho. Wakati huo hakuna aliyemwambia Emil kwamba mtu anaweza kuwa na furaha kiasi kile asijue. Walioana mwaka wa sitini na nane, wakapanga nyumba ya shambani yenye madirisha yaliyolia kwa upepo. Rosalie aliyaziba kwa magazeti, na jioni alisimama kitini kuzisoma habari za miaka iliyopita kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

Kisha mwaka wa sabini na mbili mvua ya mawe ikapiga ngano yao yote kwa dakika kumi. Emil akaondoka na kikosi cha wavunaji kinachoanzia Texas na kufuata mavuno mpaka kaskazini. Alimwambia Rosalie ni msimu mmoja. Alituma kadi moja, akarudi Krismasi, akawa kama mgeni mezani pake. Hakujua kusema kwamba aliona haya. Rosalie alipomuuliza anawaza nini, alijibu kuwa hawazi chochote, na baada ya muda Rosalie akaacha kuuliza. Mwezi wa Machi askari wa kaunti alimkuta Emil kwa dada yake, alikokuwa akilala siku hizo, akamkabidhi bahasha ya mahakama. Emil alitia saini kuwa ameipokea, akaisukuma chini ya kiti cha pikapu, na kabla ya wiki kwisha alikuwa Texas. Kwa mawazo yake, bahasha ile ndiyo ilikuwa talaka. Dada yake naye akahamia Omaha. Ndiye aliyempigia simu mwaka wa tisini na nane kumwambia Rosalie amefariki. Emil hakwenda kuzika. Aliona si mahali pa mtu aliyeachwa.

Marcy Dohrn alikuwa mama wa makamo mwenye sweta la manjano. Aliwashusha kwenye chumba chenye harufu ya karatasi kuukuu, akatoa daftari kubwa kama meza ndogo. Alishuka na kidole penye herufi K. "Huyu hapa. Kotas, Rosalie, dhidi ya Kotas, Emil. Machi, sabini na tatu." Kidole kikaenda kulia, mahali ambapo kwenye mistari mingine yote paliandikwa tarehe ya hukumu. Kikasimama. Aliwaomba wakae, akaenda kulitafuta faili.

Aliporudi alikuwa ameshalifungua. Alivuta kiti akakaa karibu na Emil.

"Mzee Kotas, hapa hakuna talaka. Kesi ilifutwa Aprili ya mwaka uliofuata. Mwenyewe ndiye aliyeomba ifutwe."

"Nani mwenyewe?"

"Mkeo."

Ndani ya faili mlikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, mistari imelala kidogo kuume kama alivyozoea kuandika Rosalie. Alimwomba hakimu aifunge kesi. Mumewe, alisema, hakuja kujitetea, naye haoni fahari kumshinda mtu asiyekuwepo. Akirudi watazungumza wenyewe. Nyuma yake ilibanwa bahasha ya mahakama iliyopelekwa kwa Emil kumpa habari, kwa anwani ya dada yake, nayo posta ikairudisha kwa kuwa mwenye jina hapatikani.

Emil aliisoma barua ile, akairudia. Lavonne alitaka kumshika mkono, akaona afadhali asubiri.

"Kwa hiyo mimi ni nani?" Emil aliuliza hatimaye.

"Kisheria ulibaki mumewe mpaka alipofariki," alisema Marcy. "Wewe hukuachwa, mzee. Wewe ni mgane."

Akamweleza kwa upole kwamba cheti anachohitaji kwa ndoa yake si cha talaka tena, ni cha kifo, na fomu ya kukiombea anayo huko juu. Fomu ile ilikuwa na maswali machache: jina la marehemu, mwaka, na uhusiano wa mwombaji. Emil aliuzungusha mkono juu ya swali la mwisho kwa muda. Kisha akaandika "mume", akaomba na nakala ya ile barua.

Makaburi ya Wacheki yalikuwa maili mbili nje ya mji. Walitafuta kwenye safu ya akina Benesh, wakaona makaburi ya mama na baba yake, Rosalie hayumo. Lavonne ndiye aliyemkuta, pembeni, kwenye jiwe dogo la kijivu lenye nafasi tupu kando ya jina, kama iliyoachiwa jina la pili. Jina lilikuwa Rosalie Kotas.

Emil alivua kofia. Upepo ulikuwa mkali na Lavonne akafunga skafu. Emil alisema, bila kumtazama, "Nilidhani hanitaki tena. Sikuuliza."

"Na yeye alidhani utarudi," alisema Lavonne. "Nyote wawili mlikuwa vichwa vigumu, ndiyo maana mlipendana." Akatoa funguo za gari. "Kaa naye. Nitakuwa garini, na hizo kolache nitakula mimi."

Alikaa pale karibu saa nzima. Aliyomwambia Rosalie hakumsimulia mtu, na Lavonne hakumdai ayaseme. Cheti kilifika baada ya siku kumi na mbili. Jumamosi ya kwanza ya Desemba waliandikishana ndoa, wakala nyama ya bata na kabichi kwa binti yake Lavonne. Palipowekwa muziki, Emil alisimama akampa Lavonne mkono, akamwambia viatu avivue akipenda.