Mayai ya Githongo na Namba Tisa

Hapana, Mwenda, hapo sikubali. Umesimama mbele ya ofisi nzima hapa Embu ukasema kuua programu ni kuua tu, ati ile amri ya kill -9 ndiyo ya wanaume, hizo ishara zingine ni za kubembelezana. Ati kesho ukifika Manyatta kusimamisha ile programu ya pampu ya maji utaipiga tisa moja, urudi mapema. Nikakutajia mwalimu wangu, Mzee M'Ikiara, ukacheka. Ukasema fundi wa redio asiye na cheti hawezi kukufundisha kompyuta.

Mimi pia sina cheti, na unajua. Nilijifunza hii kazi kwa simu yenye kioo imepasuka. Lakini ukimgusa huyo mzee umenigusa mimi. Nilitoka nje ili nisikutusi. Sasa nimekunywa chai, nimetulia, kaa nikuandikie vizuri, mwanangu. Ndiyo, nakuita mwanangu hata kama nimekuzidi miaka tisa tu. Wewe haujawahi kukaribia kupika kuku wa kijiji kizima kabla hawajazaliwa. Mimi nimewahi.

Kuna Alhamisi moja haijawahi kunitoka kichwani. Nilikuwa na miaka ishirini, niko nyumbani Githongo. Mwaka huo kideri kilikuwa kimepita kwetu. Unaamka unapata kuku watano miguu juu, kesho yake kumi. Kuna boma hazikubaki hata na jogoo wa kuamsha mtu. Akina mama wa kanisa wakakaa chini wakasema hivi: hayo mayai kidogo ya wale kuku wamepona, tusile hata moja, tuyaweke pamoja yaanguliwe. Kila mama akaleta yake, akaandika jina kwa ganda na penseli.

Jirani yetu Mama Kinya alikuwa amebaki na kuku mmoja tu, mwekundu, hana mkia wa maana. Alileta mayai sita, ameyabeba ndani ya kofia ya mtoto ya sufu. Wiki hiyo hiyo mwewe akachukua huyo kuku. Kwa hivyo hayo sita ndiyo yalikuwa kuku zake zote, umeelewa?

Mashine ya kuangua alitengeneza Mzee M'Ikiara kwa stoo ya kanisa. Alichukua friji iliyokufa, akaweka balbu nne za kuleta joto, trei tatu zinazoinama huku na huku vile kuku hugeuza mayai yake, na kompyuta ndogo, saizi ya kipande cha sabuni. Programu aliandika mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Joto likishuka, programu inawasha balbu. Likipanda, inazima. Siku kumi na mbili ilifanya hiyo kazi bila kulalamika, na mimi nilikuwa naenda kila siku kujifunza, ama niseme kubishana.

Hiyo Alhamisi mzee alienda Meru mjini kutafuta balbu ya akiba. Akaniambia, "Kijana, wewe kaa hapa uangalie. Kuangalia ni kwa macho, si kwa vidole."

"Sawa, mzee."

Sawa gani! Hata hajafika barabarani mimi nimeshika kibodi. Nilikuwa nimesoma mahali ati trei zinafaa kugeuka mara nyingi zaidi. Nikafungua maagizo ya programu, nikabadilisha. Halafu nikajiambia, ili isome haya mapya lazima niisimamishe, niianzishe tena. Unajua kila programu ikiwa kazini ina namba yake, na kwa hiyo namba unaitumia ishara. Nikaituma ile ya kawaida, inayosema: funga kazi, uondoke.

Trei zikaanza kurudi sawa, polepole, ngrrr, ngrrr. Nikaangalia kioo. Programu bado iko. Nikahesabu mpaka kumi. Bado iko. Mwenda, niliona imenidharau. Mimi! Nikaandika kill -9 na namba yake, nikagonga kwa nguvu kama mtu anafunga mlango wa gari. Ikapotea hapo hapo. Nikajisikia mkubwa sana.

Nikaianzisha upya. Ikaandika mstari mmoja, ikanyamaza. Sikuusoma. Nilikuwa na njaa, na githeri ya mama ilikuwa inanuka mpaka kanisani. Nikaenda. Na vile unajua mdomo wangu, nilikaa huko nikimwelezea mama vile nimeboresha mashine ya mzee, mpaka sahani ikakauka.

Kurudi, napata mlango wa stoo wazi, mlango wa friji wazi, waya ya stima ya balbu imeng'olewa ukutani. Mama Kinya amepiga magoti, ameweka yai kwa jicho lililofungwa, kupima joto. Alikuwa anapitia hapo kila siku, ati kusalimia mayai yake.

"Mama Kinya! Nani amekwambia ufungue? Baridi itaingia!"

"Baridi?" Hakuinuka. "Kuja. Shika hii. Hii ni yai ama ni kiazi ya kuchoma?"

"Mama, joto ni kompyuta inajua."

"Basi iambie ipike na ugali, maana mboga iko karibu."

Nikashika hilo yai. Lilikuwa moto. Kipimajoto kilisema arobaini na moja badala ya thelathini na saba na nusu, na hapo mlango uko wazi. Nikakimbilia kioo, nikasoma ule mstari niliruka: "Siwezi kuanza, kuna mwingine kazini." Hakukuwa na mwingine. Mwingine nilikuwa nimemuua. Balbu zote nne zilikuwa zinawaka zenyewe tangu nitoke, hakuna anayeangalia.

Mzee akafika na balbu yake imefungwa na gazeti. Hakupaza sauti. Aliyepaza ni mimi. Nikasema programu ilikwama, programu ilikataa, programu ni mbaya.

Akaniuliza tu, "Ilikataa, ama ilikuwa inamaliza?"

Akaiwasha programu vizuri, akarudisha stima ya balbu, akafungua maandishi yake, akashuka mpaka mistari ya mwisho kabisa, ile mimi sikuwahi kujisumbua kusoma. "Soma kwa sauti," akasema. Nikasoma. Ukiambiwa uondoke: rudisha trei sawa. Zima balbu zote. Futa ile faili ya kusema niko kazini. Halafu toka.

"Nusu dakika," mzee akasema. "Hiyo ishara ya kwanza programu inaisikia, inapanga vitu vyake, inaenda. Tisa haiisikii. Ni mfumo wa kompyuta wenyewe unaing'oa. Inakufa kabla ijue imekufa. Ile faili ikabaki, ndiyo mpya ikadhani kuna mwingine. Wewe ulidhani ukiiua, na balbu zitakufa nayo?"

Nikaziangalia zile balbu nne.

"Na hukuhitaji hata kuiondoa," akaongeza, kama anaongea na ukuta. "Iko ishara nyingine nimeiwekea, ya kusema tu: soma maagizo tena. Ungeniuliza."

Akina mama waliitwa. Tulifunika dirisha na blanketi, mzee akawa anapitisha tochi nyuma ya kila yai. Kabla hajaanza nilisema mbele yao wote kwamba ni mimi. Mama Kinya akanitazama. "Kumbe tulikuacha hapa kuchunga, wewe ukaja kupika." Wakacheka kidogo, ile kicheko ya watu wanaogopa.

Trei mbili za chini zilikuwa sawa. Unaona mishipa nyekundu, na kitu kidogo ndani kinarukaruka. Ya juu, karibu na balbu, ndiyo iliumia. Na mayai ya Mama Kinya yalikuwa hiyo ya juu. La kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, kimya. Nilikuwa nataka dunia inimeze. La nne, mzee akashikilia tochi muda mrefu.

"Huyo," akasema.

La tano kimya. La sita likaruka.

Siku tisa zilizobaki sikugusa kibodi. Niliangalia kwa macho. Siku ya ishirini na moja ganda lenye jina la Mama Kinya likapasuka, kikatoka kitu chekundu kimelowa, kinalia kama kimeonewa. Jioni kikafuata kingine, na kwa bahati, walipokua, mmoja alikuwa jogoo, mwingine mtetea. Mama Kinya alinipa ile kofia ya sufu, akasema mimi ndiye nitabeba mpaka kwake. Nilitembea hiyo njia ya kahawa kama mtu amebeba mtoto mchanga. Leo ukipita boma lake utakanyaga kuku wekundu, na wote hawana mkia wa maana.

Kwa hivyo mwanangu, nasaha yangu ni hii. Tisa si dhambi, imewekwa kwa sababu kuna programu hukwama kabisa, hazisikii chochote. Lakini anza kwa kuiomba iondoke, halafu ngoja. Ikichelewa usikimbilie kukasirika kama mimi, angalia inashika nini. Ikiwa umebadilisha maagizo tu, uliza kama inaweza kuyasoma bila kufa. Na ukiandika yako, usione aibu kuandika ile mistari ya mwisho, ya kuaga. Hata mtu mwenye hasira anaweza kujifunza kungoja nusu dakika. Mimi nimejifunza, leo nimengoja mpaka chai ikaisha.

Mungu akubariki katika hii kazi. Akupe mwalimu kama Mzee M'Ikiara, na jirani kama Mama Kinya wa kufungua mlango kabla ya kuchelewa, na kila kitu utakachowasha kikulinde, kisikuaibishe.

Sasa nijibu, Mwenda, usicheke: kesho Manyatta ukigonga hiyo tisa yako na maji bado yanapanda, ni nani atazima pampu?