Ndoo Mbili za Kwanza

Kwetu Kiirua maji ya mradi huja kwa zamu, mara mbili kwa wiki. Kati ya zamu na zamu, maji husimama ndani ya paipu nyeusi iliyolazwa juu ya ardhi kupitia shamba la jirani, na jua la kiangazi huyapiga kutwa nzima. Ukifungua mfereji, ndoo mbili za kwanza hutoka na uvuguvugu mtamu. Nilijivunia sana ndoo hizo. Mtoto wangu alioga bila mimi kuwasha kuni, na kikombe chake nikakisuuza kwa maji hayo hayo.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Miaka yote nimewaimbia wanafunzi kwamba bakteria hutaka joto, chakula kidogo na muda wa kukaa bila kusumbuliwa. Nafundisha vizuri, wala sioni haya kusema hivyo.

Mtoto alipoanza kuhara, nilijua papo hapo nani wa kulaumiwa. Mama mkwe wangu hukamua ng'ombe, na ndiye aliyekuwa akimlisha uji mchana. Nilimwambia waziwazi kwamba mikono yake ni michafu, asimguse mtoto. Nikawa namwacha mtoto kwa jirani, na bibi yake akawa anamtazama kupitia ua. Wiki mbili zikapita, na mtoto bado anahara.

Kisha likafika somo la maji. Nilichukua chupa mbili za kupimia, zenye dawa inayogeuka nyeusi maji yakiwa na vijidudu vya kinyesi. Moja niliijaza kutoka ndoo ya kwanza, nyingine baada ya mfereji kuanza kutoa maji baridi ya mlimani. Baada ya siku mbili ile ya baridi ilikuwa safi. Ile ya uvuguvugu ilikuwa nyeusi tititi.

"Mwalimu, hii maji chafu ni ya wapi?" akauliza mwanafunzi mmoja.

"Ni ya kwangu, nyumbani."

Darasa zima lilicheka. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Niliporudi nyumbani niliifuata paipu, nikakuta kiungo kinachovuja kando ya zizi la jirani, kimezama kwenye samadi; maji yakisimama, uchafu hupenya humo.

Sijui kuzungukazunguka. Nilimbeba mtoto moja kwa moja hadi jikoni kwa bibi yake.

"Mama, nimekukosea. Si mikono yako, ni maji yangu."

"Ni sawa, mwalimu. Lete mtoto."

Lakini kabla ya kumpokea alinawa kwa sabuni hadi viwikoni, polepole, kisha akanigeuzia viganja nivikague.