Ruhusa Kutoka Vidunda

Jumamosi. Mvua ya vuli inashuka tangu alfajiri hapa Kilosa, na mvua ya hivi hunirudishia siku moja ambayo bado inanichemsha. Mwanangu, shule yangu iliishia darasa la nne. Nikikosea kupanga maneno, nivumilie.

Ilikuwa miaka ile mashamba ya mkonge yanauzwa kwa matajiri na wanaume wanarudishwa nyumbani. Dada yangu na mumewe wakahamia Tindiga kulima mpunga. Binti yao Zawadi alikuwa juu ya dungu akifukuza ndege, ngazi ikakatika. Paja likavunjika.

Hospitalini waliuvuta mguu kwa uzito, mfupa ukakataa kukaa. Daktari akasema apasuliwe, atiwe chuma cha kuushikilia mpaka uunge. Nisimwonee shemeji: daktari alisema mbiombio, hata salamu hakutoa, na hata glavu tuliambiwa tukanunue. Lakini shemeji alijibu, "Mtoto wa ukoo wetu hakatwi mpaka kaka aseme." Kaka yake mkubwa yuko Vidunda, huko milimani. Basi akamtoa mtoto wodini, akafungwa mianzi nyumbani. Mfungaji naye simlaumu. Mikono mingi ameiunga, na mwenyewe alituambia paja si mkono.

Wiki zikapita. Siku ya mvua kama hii kaka mtu akafika, akakalia kigoda, akanywa chai.

"Chuma ni cha baiskeli," akasema. "Nani ataoa mwanamke wa vyuma?"

Wakacheka, yeye na shemeji! Zawadi analia chumbani, wao wanacheka.

Mama yangu, ambaye kwa adabu ya mkwe hakuwahi kumtazama shemeji usoni, akatoka jikoni akasimama mbele yake.

"Baba Zawadi, leo nakutazama. Kuku wako akivunjika mguu unamchinja bila kuuliza Vidunda. Huyu unamngojea nani? Mbebe!"

Akambeba. Lakini mfupa ulishaanza kuunga upande. Daktari akalazimika kuuvunja tena ndipo atie chuma. Mtoto akavunjika mara mbili, na ya pili tulimvunja sisi kwa heshima zetu. Leo anatembea vizuri, ana genge lake la mboga Mikumi. Hasira yangu ndiyo haijapona.

Mwanangu, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, ila mtoto hajichomi. Ukoo uheshimu, upelekee habari. Lakini mtoto akivunjika, ruhusa ni yako uliyemzaa. Hospitali kwanza, kikao kitakukuta huko. Mungu akujalie watoto wazima, na ulimi usiochelewa.

Jioni tumekula ugali na mlenda. Wajukuu wameuliza mbona bibi leo anasonga kwa kishindo.