Nilichoma Kaseti ya "Nifungulie"

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, kaeni chini kwanza. Mimi ni nyanya wa Garissa, nauza maziwa ya ngamia sokoni, na nimekosa. Nimekosa vibaya! Darasa la ngumbaru nilikaa miezi michache tu, kwa hiyo mkiona maneno yamepinda, yanyoosheni wenyewe.

Mnajua redioni kuna nyimbo mbili zenye jina moja, "Nifungulie". Mmoja ni wa vijana wa Nairobi: mvulana anamwomba msichana amfungulie dirisha, wazazi wamelala. Aibu! Huo ndio umekuwa namba moja wiki nenda wiki rudi. Wa pili ni wa mzee mmoja na gitaa lake: msafiri anabisha hodi kwa mama yake. Ulitoka mwaka jana, hakuna aliyeujali. Huu wa vijana ulipovuma, wa mzee nao ukaanza kupanda, namba nane, namba tano, mpaka mtangazaji akalalamika: "Wasikilizaji, mkituma kadi andikeni na jina la mwimbaji! Hatujui mnampigia kura nani!"

Hayo niliyajua baadaye. Mimi nilijua wimbo mmoja tu, ule wa aibu.

Mwenzangu wa maziwa ndiye aliyeniwasha. "Wewe, mjukuu wako anasikiliza 'Nifungulie' nyuma ya nyumba, kinasa sauti amekifunika shuka. Akitoroka usije kulia kwangu."

"Wangu? Wangu hatoroki."

"Hata wa jirani alikuwa hatoroki."

Wallahi, sikuuza hata kikombe tena siku hiyo.

Mjukuu wangu, nimwite Hodan, ana miaka kumi na sita. Mama yake alitangulia zamani. Baba yake, mwanangu wa pekee, alipinduka na lori njia ya Mandera mwaka jana. Tumebaki mimi na yeye na wadogo zake.

Asubuhi akiwa shule nikapekua godoro lake. Kaseti! Imeandikwa kwa kalamu, herufi kubwa: NIFUNGULIE. Makaa yalikuwa tayari, nafukiza vibuyu kwa moshi kama kila siku, ili maziwa yanukie. Nikaitupa humo. Sikuisikiliza hata kidogo! Na kinasa kilikuwa pale pale, hatua tatu.

Hodan akarudi, akanusa. "Ayeeyo, nini kimeungua?"

"Uchafu wako. Dirisha langu halifunguliwi wanaume."

Akakimbilia godoro. Akarudi polepole. "Ayeeyo, ile ilikuwa ya aabo."

"Aabo gani?"

"Aabo yangu! Mwanao! Alirekodi wimbo wa yule mzee kutoka redioni, asubuhi ile ya kwenda Mandera. Mwisho wa wimbo kuna sauti yake. Anacheka. Anakuambia, 'Hooyo, huyu mzee ananiimba mimi. Nikichelewa, nifungulie.' Na wewe unamjibu, 'Nenda zako, maziwa yanamwagika!'"

Astaghfirullah! Nikakumbuka. Niliyasema kweli, nikiwa nimempa mgongo.

"Kwa nini ulinificha?"

"Si ulikataza jina lake lisitajwe? Ukilisikia unalia siku nzima."

Nikatia mkono kwenye makaa. Kilichobaki kilikuwa uji mweusi. Vidole vimepona, lakini vibuyu vilinuka plastiki siku kumi, wateja wakarudisha maziwa. "Nyanya, umefukizia nini?" Nifukizie nini! Nimefukizia sauti ya mwanangu!

Sasa wimbo wa mzee ndio namba moja. Jumamosi tunakaa, mimi na Hodan, tunausikiliza mpaka mwisho. Gitaa linanyamaza, nami nabana pumzi. Kisha mtangazaji anaingia, anasoma salamu za watu wa Eldas.

Wazee wenzangu, jina la wimbo si wimbo. Msiwe na haraka kama mimi. Na nyinyi vijana, msifiche kitu chema kama mnavyoficha haramu, maana sisi tutakiona haramu.

Nyumbani kwangu nimetoa amri, haina mjadala: hakuna kuchoma kitu cha mtu kabla ya kukisikiliza hadi mwisho. Na jina la mwanangu litajwe kila siku, kwa sauti, hata kama Ayeeyo analia. Mwacheni alie.