Sauti Yangu, Jina Lake

Wimbo ule niliutunga mimi, nikiwa kwa shangazi yangu kule Ikola, kando ya ziwa, tukianika dagaa. Ulikuwa unamhusu yeye: mume wake alipanda boti akaenda ng'ambo ya ziwa, hakurudi, naye akawa bado anamwekea chakula. Niliporudi Mpanda niliwafundisha wenzangu wa bendi yetu ya mtaa wa Majengo, mstari kwa mstari. Mwanamke nilikuwa peke yangu.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya sabini, alifika kwa treni fundi wa redio aliyekuwa akizunguka mikoani kurekodi bendi. Niliimba mara mbili tu, akaridhika. Fomu ya kuandika majina aliijaza kiongozi wetu.

Baba yangu, mkulima wa mpunga huko Mpimbwe, hakupenda muziki wa dansi. Lakini aliposikia kwamba wimbo utapigwa kwenye redio ya biashara, alikuja mjini kwa lori, amevaa koti lake la kanisani, tukaketi kwa fundi cherehani mwenye redio kubwa. Baada ya tangazo la sabuni, mtangazaji akaitaja bendi yetu, akasema utunzi na uimbaji ni wa kiongozi, akisaidiwa na waitikiaji. Kisha ikatoka sauti yangu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

Baba akaniuliza taratibu, "Mwitikiaji ndiye nani?"

Niliinuka nikaenda moja kwa moja kwa kiongozi. Nilimkuta anabadilisha nyuzi za gitaa, wala hakuacha. Alisema alikuwa ananilinda, kwamba msichana wa Kikatoliki akitajwa redioni pamoja na wanamuziki atakosa mchumba.

"Kaka," nikamwambia, "baba yangu amesafiri kutwa nzima kusikia jina langu. Nani alikutuma unilinde?"

Akaendelea kukaza nyuzi.

Jumapili alasiri, kwenye dansi, sikupanda jukwaani. Kiongozi akauimba mwenyewe. Watu wakaacha kucheza, wakadai yule wa redioni. Akanifuata nyuma ya ukumbi kunibembeleza. Nikamwambia aseme kwanza kwenye maikrofoni wimbo ni wa nani. Alisema, harakaharaka na kwa sauti ndogo, kama mtu anayetangaza funguo zilizookotwa. Nikaimba, watu wakacheza, na siku hiyohiyo nikaacha bendi.

Aliniahidi kwamba ataandika barua redioni jina lirekebishwe. Hakuandika. Nikaolewa, nikazaa, wimbo bado ulikuwa unapigwa kwa jina lake, na watu wazima wenye akili zao wakaniambia nisahau, ni wimbo tu. Ungekuwa wimbo tu, mbona yeye aliutaka?

Shangazi peke yake ndiye hakuniambia nisahau. Watu wa Ikola walinisimulia kwamba kila wimbo ulipopigwa pale, alikuwa anaacha dagaa wake, anawaambia majirani, "Huyo anayetajwa simjui. Anayeimba ni mtoto wa kaka yangu."