Wageni wa Fundi Cherehani

Nani alikudanganya kwamba ua likikauka limekufa? Jirani yangu, fundi cherehani, angekucheka. Uani kwake kumejaa maua ya zambarau, petali zimeinama, katikati kichwa cha miiba. Shina likiyumba hulifunga kwa kipande cha kitambaa. Kila asubuhi huvaa kastabani yake ya kushonea kidoleni, akavibonyeza vichwa vile kimoja kimoja: “Wewe bado. Wewe unajifanya umeiva.” Yaliyochakaa huyakata, ila ya mwisho wa msimu huyaacha yakauke hadi yawe meusi, ndege wapate mbegu.

Juzi mwenye nyumba alisimama mlangoni. “Mama, hizi takataka zinaniaibisha. Kesho nakuja kufyeka mwenyewe.”

“Karibu, baba,” alijibu, uzi mdomoni. “Ila uje mapema, uwakute wenyewe.”

Mimi niliyekuwa kando nilichemka, nikaanza kuhubiri haki za mpangaji. “Kunywa maji, mwanangu,” fundi akaniambia.

Asubuhi yake mwenye nyumba alifika na panga. Ndege wadogo wa manjano walikuwa wamening'inia kwenye vichwa vile vikavu, wakidonoa. Alichuchumaa taratibu, panga akalificha mgongoni.

“Hawa huja kila siku?” alinong'ona.

“Punguza sauti, baba. Wanakula.”